Lenzi za Zenit, Praktica na Nyinginezo Kwenye Kamera ya Kidijitali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mjomba wangu alirudi Tanga kutoka masomoni Umoja wa Kisovieti akiwa na kamera ya filamu ya Zenit-E ndani ya mkoba wa ngozi. Miaka mingi baadaye aliitoa kabatini akanikabidhi. "Ipokee kwa mikono miwili, mjomba," aliniambia, "ina uzito hiyo." Shata ilikuwa imekwama. Lenzi yake, Helios 44-2, ilikuwa na fangasi ukingoni na pete iliyogoma kuzunguka. Leo hiyo ndiyo lenzi ninayopigia picha za watu kuliko nyingine yoyote niliyonayo, na kila ninapoitoa mkobani kuna mtu anauliza kitu. Maswali yenyewe ndiyo haya. Mengi yanahusu lenzi za hesi ya M42 (kitako cha kuzungushwa kama parafujo, chenye upana wa milimita 42), za Zenit, Praktica na Pentax ya zamani, kwa kuwa ndizo nilizozishika na kuzifungua kwa mikono yangu.

Lenzi ya mwaka 1975 inaweza kweli kufanya kazi kwenye kamera ya leo?

Inaweza, na mara nyingi vizuri sana. Lenzi ya aina hiyo haina umeme wowote ndani. Ni vioo, mrija wa chuma, pete ya fokasi na pete ya tundu linalopitisha mwanga. Haina haja ya kuzungumza na kamera. Inataka jambo moja tu: ikae mbele ya sensa (kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu) kwa umbali ule ule iliokuwa ikikaa mbele ya filamu. Adapta, yaani kiungo kinachokaa kati ya lenzi na kamera, haina kazi nyingine zaidi ya kuushika umbali huo.

Utakavyovikosa ni fokasi ya kujiendesha, tundu la kuongozwa na kamera, na jina la lenzi kwenye taarifa za picha. Mwanga kamera itaupima yenyewe kama kawaida.

Huo umbali ni upi, na kwa nini kila mtu anausisitiza?

Kila aina ya kamera ina kina chake, yaani umbali kutoka mdomo wake (pale lenzi inapokaa) hadi kwenye sensa au filamu. Ukiijua namba hii ya kamera yako na ya lenzi yako, hutahitaji kumuuliza mtu kama vitu viwili vitakubaliana.

Kamera za filamu zenye kioo kinachoruka zilihitaji nafasi ya kioo hicho, kwa hiyo kina chake ni kirefu: M42 ni milimita 45.46, Pentax K ni hiyo hiyo 45.46, Nikon F ni 46.5, Olympus OM ni 46, Minolta ni 43.5, Canon FD ni 42. Kamera za leo zisizo na kioo ni fupi mno: Sony E ni 18, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16, Fujifilm X ni 17.7, na Micro Four Thirds ni 19.25.

Sasa toa. Helios ya M42 kwenye Sony: 45.46 kutoa 18 ni 27.46. Basi adapta yako ni bomba tupu la chuma lenye urefu wa milimita 27.46, hesi upande mmoja na kitako cha Sony upande wa pili. Ndani hamna kioo wala waya. Kwenye Nikon Z bomba linakuwa 29.46, kwenye Canon RF 25.46. Ndiyo maana kamera zisizo na kioo, tangu Panasonic G1 ya 2008 na hasa Sony A7 ya 2013 yenye sensa ya ukubwa wa filamu, zimezifufua lenzi zilizokuwa zimelala makabatini: zina nafasi ya kutosha kupokea karibu kila lenzi.

Jibu la kutoa likiwa chini ya sifuri, lenzi ingetakiwa izame ndani ya kamera ndipo ione mbali. Hapo adapta tupu haiwezekani.

Mimi nina DSLR, kamera ya kidijitali yenye kioo kinachoruka. Nimekosa?

Inategemea jina lililoandikwa juu yake. Ukiwa na Canon EOS ya kioo (kina 44), M42 inakubali kabisa: 45.46 kutoa 44 ni pete nyembamba ya milimita 1.46. Lenzi za Nikon F nazo zinakubali, kwa pete ya milimita 2.5. Lakini lenzi za Canon FD, ingawa ni za Canon, hazikubali, maana 42 ni ndogo kuliko 44. Watu wengi huumia hapo kwa kuamini jina moja ni familia moja. Canon iliachana na FD ilipoleta EOS mwaka 1987, na tangu hapo mdomo ni mwingine.

Ukiwa na Nikon ya kioo, M42 itakupa taabu. Kina cha Nikon ni 46.5, kirefu kuliko cha lenzi kwa milimita moja na kidogo. Utapata picha za karibu tu. Mlima, meli na nyumba ya jirani vyote vitakuwa na ukungu. Ziko adapta zenye kioo kidogo ndani cha kurekebisha. Mimi sizipendekezi. Unaichukua lenzi uliyoitafuta kwa ajili ya vioo vyake, halafu unaibandikia nyuma kioo cha bei ya chini. Mwenye Nikon ya kioo namwambia atafute lenzi za Nikon za zamani, nazo ni bora kweli. Angalizo moja: zilizotengenezwa kabla ya mfumo wa AI wa 1977 (njia ya lenzi kuijulisha kamera tundu lake) na hazikubadilishwa zinaweza kuvunja kijiti kilicho pembeni ya mdomo wa kamera kama D7000. Kamera ndogo za D3000 na D5000 hazina kijiti hicho, zinazipokea salama, ila hazitapima mwanga. Utaweka kila kitu kwa mkono.

Wenye Canon ya sensa kubwa, yaani ya ukubwa wa filamu, wawe waangalifu pia. Baadhi ya lenzi za M42 zina kitako kinachotokeza nyuma, na lenzi ikiwekwa kwenye fokasi ya mbali kabisa, kioo cha kamera kinaweza kukigonga. Jaribu polepole, na ukisikia mguso, simama.

Nitajuaje lenzi niliyokuta nyumbani ni ya hesi gani?

Igeuze utazame kitako. Kikiwa na hesi kama ya chupa, pima upana kwa kalipa au hata kwa rula. Milimita 42: karibu hakika ni M42, hesi iliyoanzia Dresden mwaka 1949 kwenye Contax S na Praktica, kisha ikatumiwa na Zenit, Pentax, Yashica, Fujica na wengine wengi.

Milimita 39: hapo tulia, maana pana mtego. Zenit za mwanzo zilikuwa na hesi ya 39, na kamera za Leica za kale pamoja na FED na Zorki za Kisovieti nazo zina hesi ya 39. Hesi inaingiana vizuri kabisa, lakini kina ni tofauti kabisa: Zenit ya 39 ni milimita 45.2, Leica ni 28.8. Ukiifunga Helios ya kale ya hesi ya 39 kwenye adapta ya Leica, itakuwa karibu mno na sensa na haitakoleza picha kwa umbali wowote. Dawa yake ni pete ya shaba au chuma ya kugeuza 39 kuwa 42, kisha adapta ya kawaida ya M42.

Uko mtego wa pili. Lenzi ndefu za zamani na vifaa vya darubini hutumia hesi inayoitwa T2. Nayo ni milimita 42, ila meno yake yamekaribiana zaidi: 0.75 badala ya 1. Itaingia mzunguko mmoja au chini, kisha ikaze. Usilazimishe! Hesi ya alumini ikishaharibika hairudi.

Kitako kikiwa na masikio matatu badala ya hesi, soma jina la lenzi: Nikkor ni Nikon, Rokkor ni Minolta, Zuiko ni Olympus.

Adapta ya bei rahisi inatosha?

Mara nyingi ndiyo, ukishaipima. Urefu ndio kila kitu, na kosa dogo mno linatosha kuharibu kazi.

Chukua karatasi moja ya A4 ya mashine ya kuchapia. Unene wake ni kama milimita 0.1. Adapta ikiwa ndefu kupita kiasi kwa unene wa karatasi hiyo, Helios ya milimita 58 haitaona kwa ukali zaidi ya mita 33 hivi hata ukiizungusha hadi mwisho. Lenzi ya milimita 28 itaishia chini ya mita 8! Ile ya 135 itafika mita 180, na huenda mwenyewe usigundue. Hesabu ni nyepesi: zidisha urefu wa fokasi kwa wenyewe, ugawe kwa kosa, vyote kwa milimita.

Kwa kuwa wanaijua hatari hiyo, watengenezaji wengi wa adapta za bei nafuu huzifanya fupi kidogo makusudi. Pete inapita alama ya mbali kabisa, ile nane iliyolala, na mwezi unakolea kabla hujafika mwisho. Kwa kazi za kawaida haina madhara, ila namba za umbali zilizochorwa kwenye lenzi zinakuwa za uongo.

Namna ya kupima: subiri usiku, tafuta taa iliyo mbali sana. Mimi hutumia taa za meli zilizotia nanga nje ya bandari ya Tanga. Fungua tundu lote, kuza picha kwenye skrini, zungusha pete polepole kuelekea mbali. Taa ikipungua ikawa nukta, kisha ikaanza kuvimba tena, adapta inafika mbali kabisa na inapita. Ikiendelea kupungua hadi pete ikagonga mwisho bila kuwa nukta, adapta ni ndefu. Irudishe dukani.

Tazama pia kama lenzi inacheza ukiitikisa, na kama ndani ya bomba panang'aa. Mng'aro wa ndani hufifisha picha nzima. Nimewahi kuutibu kwa kubandika karatasi nyeusi ya velveti.

Nimefunga lenzi lakini kamera inakataa kupiga. Nimeiharibu?

Hujaiharibu. Kamera inadhani haina lenzi. Ingia kwenye menyu utafute kipengele kinachoruhusu shata ifanye kazi bila lenzi, kipo kwenye Sony, Canon, Fujifilm na Panasonic, ukiwashe. Kisha weka gurudumu kwenye A (Av kwa Canon) au M.

Kama kamera yako ina kitulizo cha mtikisiko ndani ya mwili wake, iambie urefu wa lenzi: 58 kwa Helios, 135 kwa lenzi ya milimita 135, na kadhalika. Usiandike urefu uliozidishwa kwa sababu ya sensa ndogo. Andika ule uliochorwa kwenye lenzi.

Fokasi ya mkono si inachelewesha sana?

Mwanzoni inachelewesha. Baada ya wiki mbili mkono unajua pete inaelekea wapi kabla ya wewe kuwaza.

Kamera nyingi zisizo na kioo zinaweza kuzipaka rangi kingo za vitu vilivyokolea. Washa, chagua nyekundu, na uitumie kama mwongozo tu. Tundu likiwa wazi kabisa rangi hiyo hupaka eneo pana kuliko ukali halisi: ukiwa mita 1 kutoka kwa mtu, Helios kwenye f/2 (tundu wazi kabisa; namba ya f ikikua, tundu linazibwa) na sensa kubwa, ukanda ulio mkali una unene wa kama sentimita 3 na nusu. Rangi itakuambia uso wote uko sawa, na nyumbani utakuta nyusi ni kali na jicho limelala. Kwa hiyo weka kitufe kimoja cha kukuza picha, kuza kwenye jicho lililo karibu nawe, zungusha mpaka uone kope mojamoja, na usisubiri, piga. Mtu hupumua, naye akipumua anasogea. Badala ya kuhangaika na pete tena, mimi husogeza mwili wangu nyuma na mbele kidogo na kupiga picha tatu mfululizo.

Kwa barabarani na sokoni iko njia nyingine. Lenzi ya 28 kwenye f/8, fokasi mita 3.3, sensa kubwa: kila kitu kuanzia mita 1.6 hivi hadi mbali kabisa kinakubalika. Huigusi pete siku nzima. Ila hapo namba za umbali lazima ziwe za kweli, na tunarudi kwenye urefu wa adapta.

Helios yangu ina pete mbili za tundu. Ya pili ni ya nini?

Hiyo ni 44-2. Pete yenye mibofyo ndiyo inayoweka kikomo: ukiiweka f/8, tundu haliwezi kuzibwa zaidi ya hapo. Pete ya pili, laini isiyo na mibofyo, inafungua na kufunga kati ya f/2 na kikomo hicho. Enzi za filamu mpigapicha alifungua lote ili aone vizuri, akafanya fokasi, akafunga mpaka igome, akapiga bila kuondoa jicho.

Kwenye kamera ya leo weka kikomo f/16 na uisahau pete ya kwanza. Ya pili inakuwa pete moja laini kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanaorekodi video wanaipenda kwa sababu hiyo: mwanga unabadilika taratibu, bila kuruka na bila sauti.

Lenzi nyingi nyingine za M42, kama Pentacon (ya Praktica) na Takumar (ya Pentax), zina kijipini nyuma ambacho kamera ya zamani ilikisukuma ili kufunga tundu. Zenye swichi ya A na M, weka M. Zisizo na swichi, na baadhi ya Helios za matoleo ya baadaye ni hivyo, zinahitaji adapta yenye ukingo wa ndani unaokibonyeza kijipini. Ukizungusha pete hadi f/16 na picha isipungue mwanga hata kidogo, tatizo ni hilo tu.

Milimita 58 zinabaki 58?

Zinabaki. Kinachobadilika ni kiasi cha picha ambacho sensa inakikata. Kwenye sensa ndogo ya Sony, Nikon au Fujifilm, Helios inaona kama lenzi ya 87. Kwenye Micro Four Thirds kama ya 116. Nzuri kwa uso wa mtu, nyembamba mno kwa sebuleni.

Ile mandharinyuma inayozunguka kama kisulisuli naipataje? Nimenunua Helios na siioni.

Swali hili ndilo ninaloulizwa zaidi kuliko yote. Helios 44 ilitokana na Biotar 58 mm f/2 ya Zeiss, vioo sita katika makundi manne. Katikati ya picha duara za mwanga ni duara. Kuelekea kingoni mrija wa lenzi unazikata zinakuwa kama jicho la paka, na kasoro za vioo vyenyewe pembezoni zinazivuta zifuate mzingo wa fremu. Macho yanaona mzunguko.

Kwa hiyo unahitaji mambo manne kwa pamoja. Tundu f/2 kamili. Ukifika f/4 mzunguko umekwisha. Mtu akae mita 1.5 hadi 2 kutoka kwako. Nyuma yake, mita chache tu na si mbali kabisa, pawe na vitu vidogo vingi vinavyong'aa: majani ya mwarobaini jua likipenya asubuhi ndiyo bora nilizowahi kupata, na mwembe hushindwa kwa kuwa majani yake ni makubwa na mazito. La nne ni sensa kubwa, kwa sababu kisulisuli kinaishi kingoni na sensa ndogo inakata kingo zote. Mwenye sensa ndogo atauona kidogo tu, na hana kosa lolote.

Ukuta mtupu hauzunguki hata kwa lenzi gani.

Lenzi ina fangasi. Niitupe?

Kwanza hakikisha ni fangasi. Fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja, tazama kutoka upande mwingine kwa mshazari. Fangasi wana matawi, kama mizizi midogo au utando wa buibui, mara nyingi kuanzia ukingoni. Vumbi ni nukta, na vumbi lisikunyime usingizi, halionekani pichani. Ukungu ni weupe wa kioo kizima, nao hufifisha picha kuliko vyote. Ukiona upinde wa mvua au povu ukingoni, gundi kati ya vioo imeanza kuachia. Hiyo si kazi ya nyumbani.

Fangasi wachache ukingoni hawaonekani pichani. Wakifika katikati, picha zinakosa nguvu hasa dhidi ya mwanga. Wanaweza kusafishwa, na walioachwa muda mrefu huwa wameshakula mipako ya kioo na kuacha alama ambayo haiondoki. Wengi husafisha kwa amonia ya nyumbani na haidrojeni peroksaidi kwa vipimo sawa, kwa pamba, dirisha likiwa wazi, kisha wanafuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Jaribu kwanza pembeni ya kioo, maana mipako ya lenzi za kale ni dhaifu. Na usichanganye amonia na jiki hata tone: mvuke wake ni sumu.

Sisi wa pwani tuzungumze kuhusu kuhifadhi, maana hapo ndipo lenzi zinapofia. Mbegu za fangasi ziko kila mahali hewani. Kinachoziamsha ni unyevu na giza. Mkoba wa ngozi uliokuja na Zenit ni mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na yenyewe ni chakula cha fangasi. Uweke kama kumbukumbu, lenzi isilale humo. Tafuta deli la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka silika inayobadilika rangi, na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga kati ya asilimia 40 na 55. Silika ikibadilika rangi, ikaange kwa moto mdogo kwenye kikaango kikavu mpaka rangi irudi. Mchele hapana, unaacha unga na haukaushi kwa kiwango hicho. Lenzi iliyo kazini kila wiki, inayopata mwanga na hewa, huugua mara chache kuliko iliyofungiwa.

Pete ya fokasi imekuwa ngumu kama imeunganishwa kwa gundi.

Ni grisi imekauka. Usitumie koleo, na usipulize mafuta ya kulainishia ndani. Mafuta yatatiririka hadi kwenye vibati vya tundu na kuvigandisha.

Ya mjomba niliifungua mwenyewe. Hesi ya fokasi ndani ya lenzi ina njia nyingi za kuanzia, siyo moja kama boliti, na ukiirudisha kwa njia isiyo yake fokasi yote inahama. Nilizungusha polepole sana, na pale pale vipande viwili vilipoachana nilichora mstari mmoja kwa sindano kuvuka vyote viwili. Bila mstari ule ningejaribu njia zote mojamoja hadi alfajiri. Grisi ilikuwa kahawia, ngumu kama nta ya sikio. Niliosha kwa petroli nyeupe ya kujazia viberiti na mswaki wa zamani, nikapaka grisi mpya nyembamba mno, kiasi cha punje ya mchele kwa hesi yote. Pete sasa inazunguka kwa kidole kimoja na haiteremki yenyewe nikielekeza lenzi chini.

Kwa lenzi za Kijapani, jua kuwa skrubu zake za msalaba hazifanani kabisa na bisibisi yetu ya kawaida. Tafuta bisibisi ya JIS, la sivyo utazila vichwa. Pete ya jina iliyo mbele hufunguliwa kwa msuguano. Kipande cha ndala kuukuu kilichokatwa duara kinafanya kazi hiyo vizuri.

Takumar yangu ni ya njano. Na nimesikia ina mionzi?

Yote mawili ni kweli na yana chanzo kimoja. Super-Takumar 50 mm f/1.4 ya vioo saba, pamoja na ndugu zake kadhaa, ina kioo chenye thoriamu, ambayo iliongezwa ili kioo kipinde mwanga zaidi. Kwa miaka mingi mionzi yake hukigeuza kioo kuwa cha rangi ya chai. Kwa matumizi ya kawaida, ikiwa kwenye kamera au kabatini, haina hatari ya kukutia wasiwasi. Usiivunje, usiisugue kioo, usiigeuze kuwa lenzi ya kukuzia mbele ya jicho.

Njano inatibika kwa mwanga wa urujuanimno. Jua letu linatosha: siku kadhaa hadi wiki chache dirishani. Lakini lenzi juani ni kibiriti! Ilaze juu ya karatasi ya alumini inayorudisha mwanga ndani, mbali na pazia, mkeka na karatasi, na usiiache bila mtu.

Helios haina thoriamu.

Nikinunua ya mtumba nitazame nini?

Zungusha pete yote mwanzo hadi mwisho. Fungua na ufunge tundu. Mulika tochi. Ikiwa Helios, tarakimu mbili za kwanza za namba yake mara nyingi ni mwaka, na alama ya mche wa kioo unaopindisha mwale ni ya kiwanda cha Krasnogorsk. Mafuta kwenye vibati vya tundu hayaisumbui sana 44-2 kwa kuwa vinasukumwa na mkono. Kwa lenzi za kijipini ni ugonjwa, maana vinachelewa. Kwangu mimi pete inayozunguka vizuri ina thamani kuliko kioo kisicho na mkwaruzo. Mkwaruzo mmoja wa mbele hauonekani pichani.

Naweza kufanyia kazi ya kulipwa, harusi kwa mfano?

Picha za maharusi wakiwa wametulia, ndiyo, na utawapa kitu ambacho wengine hawana. Bibi harusi akiingia ukumbini huku watu wanacheza, chukua lenzi yenye fokasi ya kujiendesha. Dakika hiyo hairudiwi.

Ukiacha Helios, nyingine za kutafuta?

Pentacon 50 mm f/1.8 ya Praktica, kamera ya Ujerumani Mashariki, inayokaribia hadi sentimita 33 na kufaa kwa maua na vyakula. Wenzangu wa Unguja huniuliza zaidi kuhusu Praktica kuliko Zenit. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mapema mwaka 1964, na Wajerumani hao ndio waliojenga nyumba za ghorofa za Kikwajuni. Kwa urefu zaidi, Sonnar 135 mm f/3.5 ya Carl Zeiss Jena: kali tangu tundu likiwa wazi, na ndogo kuliko unavyotarajia.

Nikishatoa lenzi, mwili wa Zenit niutupe?

Hapana jamani. Zenit-E haina betri hata moja. Shata yake, kuanzia 1/30 hadi 1/500, ni springi na gia tupu, na kipima mwanga kinaendeshwa na mwanga wenyewe kupitia seleniamu. Ya mjomba ilikuwa imekwama kwa grisi tu. Fundi saa mmoja pale Tanga aliifungua, akaisafisha, akanirudishia baada ya siku nne. Niliingiza filamu, nikafunga Helios mahali pake pa asili, nikampiga mjomba picha akiwa kibarazani. Aliishika kamera kwa mikono miwili.